Gazeti Lisilonunuliwa Liverpool: Somo kwa Mashabiki wa Mbali



Kamati ya jarida iliniomba niandike somo kuhusu magazeti ya nchi hii, maana wengi wetu tukifika Uingereza tunayakuta dukani yamepangwa kama mafungu ya nyanya, na hatujui lipi la kuaminiwa na lipi la kufungia maandazi. Ningeweza kuanza na nadharia za darasani, lakini najua mngefungua ukurasa unaofuata. Kwa hiyo naanza na kitu kinachotukutanisha na kutugombanisha kila Jumamosi, yaani mpira. Chama chetu kina Wabongo, Wakenya, Waganda, Warundi na ndugu zetu wa Bukavu. Tunaelewana karibu kwa kila jambo mpaka itajwe Arsenal au Man U. Hapo undugu unawekwa pembeni kwanza.

Somo lenyewe limetokana na ubishi wa kweli. Mwishoni mwa Januari, dirisha la usajili likikaribia kufungwa, mwenzetu mmoja, mnazi wa Liverpool tangu yuko sekondari kule Mwanza, alikuja chumba cha chama na gazeti la The Sun. Lilikuwa na ukurasa mzima wa tetesi za timu yake. Kijana mmoja Mwingereza anayesoma naye, mzaliwa wa Liverpool, akaliona. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye hawezi kukaa meza moja na gazeti lile, akachukua koti lake akaenda zake. Mwenzetu akabaki na mdomo wazi. "Kwani nimefanya nini jamani? Si habari za Liverpool hizi?"

Tukagawanyika pale pale. Dada mmoja wa Mombasa akasema yule kijana ana haki, na anayejiita shabiki wa Liverpool bila kujua habari ya gazeti lile basi anashabikia jezi. Kaka mmoja wa Kampala akajibu kwamba mambo ya mwaka 1989 hayamhusu mtu aliyezaliwa baadaye, tena bara jingine. Ubishi ukaenda mpaka mlinzi wa jengo akaja kutufungia. Mimi nadhani kila mmoja alikuwa na kipande cha hoja, ila wengi hatukuwa na habari kamili. Basi tuanze na habari.

1. Kilichotokea Hillsborough

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest walikutana katika nusu fainali ya Kombe la FA kwenye uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Siku hizo viwanja vingi vya England vilikuwa na majukwaa ya kusimama, na mbele yake uzio wa chuma wa kuzuia watu wasiingie uwanjani. Upande wa Leppings Lane, nyuma ya goli, jukwaa liligawanywa vizimba kama vya mifugo. Mashabiki wa Liverpool zaidi ya 10,000 wenye tiketi za kusimama walitakiwa wapite kwenye vilango 7 tu vya kuzunguka. Hebu piga hesabu mwenyewe.

Nje kukawa na msongamano wa hatari. Saa 8 na dakika 52 mchana, kamanda wa polisi wa siku hiyo, David Duckenfield, akaamuru geti kubwa la kutokea, Geti C, lifunguliwe. Watu zaidi ya 2,000 wakaingia. Hakuna aliyefunga njia iliyopita chini ya jukwaa, kwa hiyo wengi wakaelekea moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, ambavyo tayari vilikuwa vimejaa pomoni. Waliokuwa nyuma hawakujua kwamba wa mbele wanabanwa kwenye chuma. Mechi ilianza saa 9 kamili, ikasimamishwa saa 9 na dakika 6.

Waliopoteza maisha ni 97. Siku hiyo hiyo walikufa 94, mmoja siku chache baadaye, mwingine mwaka 1993 baada ya kulala bila fahamu kwa karibu miaka minne, na wa 97 mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 10.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo somo la habari linapoanzia. Watu wakiwa bado wanakata roho, Duckenfield aliwaambia viongozi wa chama cha soka kwamba mashabiki ndio waliovunja geti. Geti alikuwa ameamuru yeye lifunguliwe. Huo uongo ulikimbia duniani kote kabla maiti hazijatambuliwa na ndugu zao. Marehemu, hata watoto, wakapimwa damu kutafuta kama walikuwa wamekunywa pombe. Yaani mfiwa anafika kumtambua mwanawe, naye anaanza kuulizwa maswali kama mtuhumiwa.

2. Gazeti lililojiita Ukweli

Tarehe 19 Aprili, siku nne baada ya msiba, The Sun chini ya mhariri wake Kelvin MacKenzie lilitoka na herufi kubwa ukurasa wa mbele: THE TRUTH, yaani Ukweli. Chini yake likaandika kwamba baadhi ya mashabiki waliwaibia marehemu mifukoni, kwamba waliwakojolea polisi, na kwamba walimpiga askari aliyekuwa akijaribu kumpulizia mtu pumzi. Habari hiyo ilitoka kwa shirika dogo la habari la Sheffield, lililokuwa limezungumza na polisi na mbunge mmoja wa huko.

Magazeti mengine nayo yalichapa madai ya namna hiyo. Kwa nini basi hasira ziliangukia gazeti moja? Wengine waliandika, hata kama vibaya, kwamba polisi wanadai. The Sun liliyaondoa madai mikononi mwa polisi likayavika neno Ukweli. Wanafunzi wa uandishi wa habari waliomo humu watanielewa: neno moja la kichwa cha habari linaweza kubeba dhambi kuliko habari nzima.

Ukweli wenyewe ulitembea kwa miguu. Ripoti ya kwanza ya Jaji Taylor, Agosti 1989, ilisema sababu kuu ya maafa ilikuwa polisi kushindwa kuudhibiti umati. Hata hivyo, mwaka 1991 uchunguzi wa vifo ukaamua kwamba vilikuwa vifo vya ajali. Familia zikakataa, zikaendelea. Septemba 2012 jopo huru lilifungua nyaraka na kuonyesha kwamba maelezo 164 ya polisi yalibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na katika 116 kati ya hayo yaliondolewa au kubadilishwa maneno yaliyowakosoa polisi. Jopo likasema pia kwamba watu 41 huenda wangepona kama huduma zingekuwa za haraka. Mwaka 2015 Duckenfield alikiri mbele ya uchunguzi mpya kwamba alisema uongo kuhusu lile geti. Tarehe 26 Aprili 2016 jopo la raia likaamua kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Kuanzia 1989 hadi 2016 ni miaka 27. Na mwaka 2019 Duckenfield, aliposhtakiwa kwa vifo hivyo, aliachiwa huru na mahakama. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba wale watu wamekwishapata kila walichotaka.

3. Mgomo wa kutonunua unavyofanya kazi

Mara baada ya ukurasa ule, watu wa Liverpool waliacha kulinunua The Sun. Kule Kirkby nakala zilichomwa moto hadharani. Wenye maduka wengi wakaacha kuliuza, na mauzo katika eneo zima la Merseyside yakaporomoka. Wapo mpaka leo wanaokataa kulitaja jina, na wakiliandika wanaweka alama ya nyota katikati, kama sisi tunavyoficha matusi. Ukipanda teksi kule usishangae kukuta stika inayokuambia usilinunue.

Migomo mingi ya wanunuzi hufa baada ya wiki mbili. Huu umedumu zaidi ya miaka 35. Nimejaribu kutafuta sababu, nikaona tatu.

Kwanza, ni mgomo mwepisi kuufuata. Hauhitaji mkutano wala mchango. Unapita mbele ya duka na pesa yako inabaki mfukoni. Pili, kila mtu anaijua sababu na anaweza kumweleza mtoto kwa sentensi moja: walisema uongo juu ya wafu wetu. Tatu, hauna mwenyewe. Hakuna mwenyekiti wa kununuliwa wala ofisi ya kufungwa. Mama anampa mwanawe kama anavyompa mapishi.

Tena haukubaki wa timu moja. Everton ni watani wa jadi wa Liverpool, lakini katika mji ule nyumba moja inaweza kuwa na baba mwekundu na mama wa bluu, na jirani aliyefiwa ni jirani tu. Februari 2017 klabu ya Liverpool iliwazuia waandishi wa The Sun kuingia Anfield na uwanja wake wa mazoezi. Aprili mwaka huo huo Everton nao wakafanya hivyo hivyo, baada ya MacKenzie, safari hii akiwa mwandishi wa safu, kumfananisha kiungo wao Ross Barkley na sokwe. Babu yake Barkley ni Mnigeria. Makala ile ilitoka tarehe 14 Aprili, mkesha wa kumbukumbu ya Hillsborough. Hapo nadhani hata kaka yangu wa Kampala ataona kwamba jambo hili linaanza kubisha hodi mlangoni kwetu.

Kuna na jambo la kitaaluma. Watafiti Florian Foos na Daniel Bischof walichapisha mwaka 2022, katika American Political Science Review, utafiti uliolinganisha maoni ya watu wa Merseyside na ya maeneo mengine kabla na baada ya mgomo. Walihitimisha kwamba kuacha kulisoma gazeti lile, lililokuwa likiipiga vita Ulaya kila siku, kulipunguza chuki ya watu dhidi ya Umoja wa Ulaya, hasa kwa watu wa tabaka la wafanyakazi. Katika kura ya maoni ya 2016, jiji la Liverpool lilipiga asilimia 58 kubaki Ulaya. Mgomo wenyewe ulianza kwa ajili ya waliokufa kwenye mpira, na hakuna aliyekuwa akifikiria siasa za Ulaya. Kumbe tunachosoma kila asubuhi kinatufinyanga bila sisi kujua, hata tukidhani tunasoma ukurasa wa michezo peke yake.

4. Kiangazi cha Rooney

Ukitaka kuona uaminifu wa klabu, mgomo wa gazeti na habari za usajili vikigongana siku moja, soma habari za Wayne Rooney mwaka 2004. Kijana wa Croxteth, mtoto wa Liverpool kabisa, mwana Everton tangu utotoni. Mwaka 2002, katika fainali ya kombe la vijana, alifunga bao akafunua fulana ya ndani iliyosema kwamba mtu akiwa wa bluu, ni wa bluu milele.

Mwaka 2004 akiwa na miaka 18 akarudi kutoka Mashindano ya Ulaya akiwa nyota, na maelezo ya maisha yake akayauza kwa The Sun. Mji ukawaka. Tarehe 7 Julai gazeti likachapa ukurasa mzima wa kuomba radhi kwa habari ya 1989, miaka 15 imepita, na humo humo likalaumu magazeti ya Liverpool kwamba yanamchochea kijana wa watu kwa sababu za kibiashara. Watu wakasoma, au tuseme wakasimuliwa, maana hawakulinunua. Wakasema huku si kuomba radhi, huku ni kumtetea mteja. Tarehe 31 Agosti, siku ya mwisho ya dirisha, Rooney akasajiliwa na Manchester United.

Watu wa Everton walimzomea miaka mingi kwa kuondoka. Mwaka 2017 akarudi, na wengi wakampokea. Nikitazama yote hayo naona mambo mawili tofauti ambayo sisi wabishi tunayachanganya. Mchezaji kuhama ni mambo ya kazi. Anaweza kukuudhi, lakini ni mfanyakazi mwenye mkataba, na sisi wenyewe tumeacha kwetu kufuata shahada na kazi. Tutamzomea nani? Gazeti kusema uongo juu ya marehemu halimo kabisa kwenye mizani hiyo.

Steven Gerrard anatupa mfano mwingine. Julai 2005, wiki chache baada ya kubeba Kombe la Ulaya kule Istanbul, alitangaza kwamba anataka kuondoka, na jezi yake ikachomwa moto mbele ya kamera. Kesho yake akabadili mawazo, akabaki. Yule mtoto wa miaka 10 aliyekufa Hillsborough alikuwa binamu yake. Waliochoma jezi walipima uaminifu wake kwa tetesi za siku moja, wakati yeye alikuwa amezika damu yake kwa ajili ya klabu ile. Mwaka 2025 tukaona tena: Trent Alexander-Arnold, kijana wa nyumbani, alizomewa Anfield Mei ile baada ya kusema anaondoka, kisha akaenda Real Madrid.

5. Namna ya kusoma tetesi za usajili

Sasa tuje kwenye kile kilichomfanya mwenzetu anunue gazeti. Tetesi za usajili ni tamu, sikatai. Hata kwetu, mtu anaweza kulala njaa lakini ajue Simba wamemchukua nani na Yanga wamemkosa nani. Magazeti ya michezo ya nyumbani nayo yamezoea kutafsiri tetesi za magazeti ya Uingereza, kwa hiyo uongo ukitengenezwa London asubuhi, jioni unanywewa kahawa Kariakoo. Kabla hujaurudisha kwa wenzako kama habari, jiulize haya manne.

Nani anafaidika? Habari nyingi za usajili zina mwenyewe. Wakala anataka mteja wake aongezewe mshahara, kwa hiyo anasema Chelsea wanamtaka. Klabu inayouza inataka bei ipande, kwa hiyo inasema wanunuzi ni watatu. Ni swali lile lile ambalo lingemzuia mhariri mwaka 1989: polisi wanaosema geti lilivunjwa, wao wanapata nini?

Mkataba umebaki muda gani? Tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, mchezaji aliyemaliza mkataba katika Umoja wa Ulaya huondoka bila klabu yake kulipwa ada. Ndiyo maana Sol Campbell aliweza kutoka Tottenham kwenda Arsenal bure mwaka 2001, na Tottenham mpaka leo hawajameza. Mchezaji aliyebakiza mwaka mmoja ana nguvu mezani. Aliyebakiza minne, habari zake nyingi ni moshi tu.

Sheria inaruhusu? Hapa sisi wenye viza tuna ujuzi kuliko wenyeji. Mwaka 2010 McDonald Mariga wa Kenya alikuwa anakwenda Manchester City. Magazeti yalikwishamvalisha jezi. Akanyimwa kibali cha kazi, kwa sababu kanuni za wakati huo zilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA. Akaenda Inter Milan, na mwaka huo huo Inter wakawa mabingwa wa Ulaya. Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England akawa ndugu yake, Victor Wanyama, akiwa Southampton mwaka 2013. Sisi Watanzania tulisubiri mpaka Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa Januari 2020.

Pande zote zimekubali? Tarehe 31 Januari 2013 mshambuliaji wa Nigeria Peter Odemwingie aliendesha gari lake kutoka West Brom mpaka uwanja wa QPR, London, akiamini usajili umekamilika. Klabu hazikuwa zimekubaliana. Hakufunguliwa, akarudi alikotoka. Ikiwa mchezaji mwenyewe anaweza kudanganywa na tetesi za usajili wake, wewe na mimi tulioko maktaba tuna uhakika gani?

Ukishazoea maswali haya utagundua kwamba huhitaji gazeti la udaku hata kidogo. Kinachotokea kweli kitatangazwa na klabu. Kisichotokea hujakosa kitu.

6. Je, shabiki wa mbali inamhusu?

Narudi kwa hoja ya kaka wa Kampala, maana si hoja ya kupuuza. Anasema waandishi wengi wa The Sun wa leo walikuwa hawajazaliwa, na gazeti liliomba radhi ukurasa wa mbele Septemba 2012, baada ya ripoti ya jopo. Ni kweli liliomba. Anasema pia mgomo una matundu: kampuni inayomiliki The Sun inamiliki The Times na redio ya talkSPORT, na wapo wanaosusia moja wakasikiliza jingine. Hilo nalo kweli. Simlazimishi mtu yeyote asisome anachotaka. Hii ni nchi huru na sisi ni watu wazima.

Lakini fikiria hivi. Ukioa katika ukoo, hurithi pilau ya harusi peke yake. Unarithi na misiba yao, na ukikuta kuna jirani wasiyesalimiana naye, unauliza kulikoni kabla hujaenda kunywa chai kwake. Aliyechagua Liverpool akiwa zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Anfield amejiolesha mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Anaimba wimbo wao, anasema "sisi" tulichukua kombe mwaka fulani. Kama "sisi" hiyo inafika Istanbul, basi na ifike Hillsborough. Asiyeshabikia Liverpool hadaiwi deni hilo, ila adabu ya kuuliza anadaiwa.

Na kuna upande wa nyumbani, ambao mimi ndio unaoniuma. Tarehe 23 Oktoba 2010, kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu 7 walikufa katika msongamano wa kuingia uwanjani. Mageti, umati, haraka ya kuwahi mpira: yale yale ya Sheffield. Wengi wetu tunaweza kutaja dakika ambayo mechi ya Hillsborough ilisimamishwa. Nilipouliza chumbani kwetu nani anaikumbuka tarehe ya Nyayo, kati ya watu kumi na moja alinijibu mmoja tu, naye ni mwana Gor. Familia za Liverpool zilishinda kwa sababu mji mzima ulikataa kusahau majina. Wale 7 nao walikuwa na mama zao, na walikwenda kutazama timu yao kama sisi. Hatuwezi kuwa hodari wa kulia misiba ya kwenye televisheni huku ya kwetu tukiiacha iwe habari ya siku moja.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano ujao

(i) Msamaha wa gazeti uwe na nini ndani yake ili waliokosewa waupokee? Linganisha ule wa 2004 na ule wa 2012.

(ii) Je, mgomo wa wanunuzi unaweza kufanikiwa Dar, Nairobi au Kampala dhidi ya gazeti linalomchafua mtu? Kitu gani kingeuzuia?

(iii) Chukua habari moja ya usajili wiki hii, uipitishe kwenye maswali manne ya juu, uje na jibu.

(iv) Kila mmoja aje na habari ya maafa moja ya uwanjani kutoka nchi yake: tarehe, waliokufa wangapi, na nani aliwajibika. Mwenye jamaa aliyekuwepo siku hiyo ampigie simu amuulize. Tutaziandika, na toleo lijalo tutazichapa.